Kwenda Wamaza Kutafuta Nusu ya Wimbo wa Mvua

Nwaaaang!

Nikifumba macho bado nausikia. Kila pikipiki ilipotumbukia shimoni, nyuzi za kile kibuyu mgongoni kwangu ziliruka zenyewe zikalia, nwaaaang! Shimo dogo, mlio mdogo. Shimo kubwa, mlio wa kutikisa meno. Na njia ya kutoka Kasongo kwenda Lusangi mnaijua: ukitoka shimo moja unapumzika ndani ya jingine. Tulienda tukilia hivyo mchana kutwa, na watoto wa vijijini wakatoka mbio kuangalia ni arusi gani inapita.

Ninyi wateja wangu wa mikate ndio mliotaka habari hii. Kila asubuhi mmoja anasimama mbele ya karai: "Riziki, ilikuwaje kule?" Nikianza kusimulia mikate inaungua, nikinyamaza mnanuna. Basi nimeiandika yote. Pokezaneni, mniache nikaange.

KWA NINI KIBUYU, KWA NINI KABAMBARE

Babu Salumu mnamjua, fundi cherehani wa avenue yetu. Si babu yangu wa damu. Ni babu wa kila mtu aliyewahi kupasukiwa na suruali. Wasilolijua wengi ni kwamba Babu ni mwimbaji. Utotoni mwake kulikuwa na Mhindi hapa Kasongo, Bwana Keshav, mwenye duka la vitambaa na chumvi. Jioni akifunga duka alikaa chini, akaegemeza ala yake begani, akaimba nyimbo za kwao, zile ndefu za taratibu, ambazo mtu anaanza chai ikiwa ya moto, na ikipoa bado yuko kwenye salamu. Watoto wake walikuwa mbali na hawakuzitaka. Waliozitaka ni watoto wawili wa jirani waliokuja kukaa juu ya magunia ya chumvi: Salumu, na msichana mmoja aliyeitwa Zaina. Akawafundisha hao. Halafu ikaja miaka mibaya, Bwana Keshav akaondoka, hakurudi. Ala akamwachia Salumu.

Jina lake hasa ni tanpura. Ina shingo ndefu, nyuzi nne, na tumbo la kibuyu. Tumbo la kwanza lililiwa na mchwa, Babu akatia kibuyu cha huku kwetu, na tangu hapo tunaiita kibuyu tu. Haichezi wimbo. Inanguruma nyuma ya mwimbaji bila kuchoka, kama mama anayekushika kiuno unapojifunza kutembea.

Nyimbo zenyewe zinakaa ndani ya raga. Raga ni kama nyumba, ina ngazi zake na mlango wake, na kila moja ina wakati wake. Kuna ya alfajiri, kuna ya jioni, kuna ya mvua. Kuimba ya alfajiri wakati wa jioni, Babu anasema, ni kumwuliza mtu "umelalaje?" naye ndiyo kwanza anatandika kitanda. Mimi nilianza kujifunza nikiwa mtoto wa kumpelekea mikate. Shule niliiacha darasa la sita, hii sikuiacha. Na ndoto yangu mnaijua, mnaicheka kila siku: mkeka mrefu barazani kwa Babu, umejaa watoto, wote wanaimba sa, re, ga, ma, pa, dha, ni, zile sauti saba za ngazi, mpaka mbuzi wa jirani naye anashika sauti.

Shida ilikuwa wimbo wa raga ya mvua. Una nusu mbili: ya kwanza inatembea chinichini, ya pili inapanda. Hiyo ya pili ilikuwa imempotea Babu. Akifika pale pa kupandia aliinua mkono, kisha mkono ukabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha lori.

"Sitaki kufa niache wimbo ya muguu moja," aliniambia siku moja. Babu ni mtu wa mzaha, lakini hapo hakucheka.

Zaina aliolewa Kabambare zamani sana. Tulimpata kwa simu, na mkidhani hilo lilimaliza kazi, sikilizeni.

"Zaina! Imba ile ya mvua!"

"Nani huyo?"

"Salumu wa Kasongo!"

"Salumu alikufa!"

"Miye ndiye Salumu!"

"Oh, basi pole sana!" Simu ikakatika.

Mara nyingine, mvua ikinyesha kwao, aliimba kweli, Babu akasikiliza, akanirudishia simu amekunja uso: "Umeniitia mbu." Basi ikawa niende mimi, nimletee ile nusu ndani ya koo langu. Na kibuyu niende nacho, maana kuimba bila hicho, kwa Babu, ni kutoka nje bila nguo.

KASONGO MPAKA LUSANGI

Motari wangu, dereva wa pikipiki, aliitwa Kalonda. Ni kijana mwenye bibi mmoja, watoto wawili, na maoni mengi. Kwenye shimo la kwanza alisimamisha moto yake, ndivyo anavyoiita pikipiki.

"Dada Riziki, shuka. Moto inalia."

"Si moto, kaka. Iko kibuyu."

"Moto ni yangu, sauti yake najua. Hiyo iko mnyororo."

Akachuchumaa, akaukagua mnyororo, akautia mafuta. Tukaondoka. Nwaaaang! Akasimama tena, akakaza ringi. Nwaaaang! Akakaza taa. Mpaka tunapita vijiji vitatu alikuwa amekaza kila kitu kinachokazika, isipokuwa mimi. Mwisho, kwa hasira, aligonga uzi mmoja kwa spana. Nwaaaang. Akarudisha spana mfukoni.

"Juu ya nini hukuniambia?"

Tulikula njiani mihogo ya kuchoma na karanga kwa mama mmoja, ambaye alikataa kabisa kuamini kwamba ndani ya kibuyu hamna asali. Alinusa tundu, akatikisa, akanusa tena, akaniambia nina uchoyo. Hapo ndipo Kalonda akaniuliza safari ni ya nini, nami nikamwambia vizuri, kwa furaha zangu zote: naenda kuleta nusu ya wimbo wa raga ya mvua, ambayo huko kwa Wahindi wanasema ikiimbwa sawasawa mawingu yanakuja.

Hilo lilikuwa kosa. Dereva wa pikipiki wakati wa kiangazi anaomba vitu viwili: mafuta na vumbi.

"Dada, wewe ukiimba hiyo wimbo hapa katikati, mimi nakuacha na matope yako."

"Nina nusu moja tu, kaka. Haiwezi kuleta mvua."

"Basi italeta nusu ya mvua. Funga mudomo."

LUSANGI, KWENYE MATOFALI

Tulilala kwa mjomba wake Kalonda, Papa Assani, mfyatua matofali. Uwanja wake wote ulijaa matofali mabichi, yamepangwa juani, hayajachomwa. Ni kazi ya kiangazi kizima. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo, na Papa Assani alikuwa ameahidi kumjengea mkewe nyumba mpya.

Tukaandaliwa wali na sombe ya majani ya muhogo na samaki wa moshi. Kalonda hata kabla ya kumeza tonge la kwanza:

"Mjomba, huyu dada anabeba wimbo ya mvua."

Kijiko cha Papa Assani kikasimama njiani. "Ya nini?"

"Ya mvua. Akiimba, mawingu inakuja. Wahindi ndio walitengeneza."

Papa Assani akaniangalia, akaangalia kibuyu, akaangalia nje kwenye matofali yake. "Binti yangu," akasema polepole, "kula. Kula sana. Mutu mwenye chakula mudomoni haimbi."

Mkewe, Mama Feza, alitamani kusikia. "Tuimbie kidogo tu, mutoto wangu, mustari moja."

"Feza! Unataka nyumba ama unataka wimbo?"

"Nataka vyote."

Mimi nina ugonjwa mmoja, mnaujua: nikiosha vyombo nainama, nikiinama naimba puani. Sikukusudia. Nilikuwa kwenye sufuria ya pili nikasikia miguu ya mtu mzima inakimbia. Papa Assani alisimama mbele yangu na kitambaa cha kupangusia mikono, hajui anipe au anifunge nacho mdomo. Vyombo vilivyobaki aliosha yeye. Mama Feza alikaa pembeni akimwangalia mumewe anavyosugua sufuria, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mutoto wangu, hiyo wimbo iko na nguvu kweli."

Asubuhi, kwa bahati mbaya yangu, palikuwa na wingu. Moja tu, dogo, huko mbali. Papa Assani alikuja na kuku mzima amefungwa miguu.

"Ni zawadi, Papa?"

"Iko ya safari. Enda nayo. Enda nayo mbali."

KABAMBARE, TULIKOPOSA BILA KUJUA

Tuliingia Kabambare mchana, tumepakwa vumbi jekundu kama matofali ya Papa Assani. Tuliuliza nyumba ya Zaina wa Kasongo, tukaonyeshwa parseli kubwa, uwanja wake umefagiwa vizuri. Mlangoni alikuwa mwanawe, Papa Useni, amevaa kanzu safi. Alipotuona, uso ulimng'aa.

"Karibuni! Muko watu wa Kasongo?"

"Ndiyo, Papa."

"Tuliwangojea jana! Ingieni, ingieni. Njia ilikuwaje?"

Nikashangaa. Nikasema moyoni, kumbe ile simu ilisikika. Tukakalishwa kwenye viti, si mkekani. Kuku wangu akapokewa kwa mikono miwili na kupigiwa vigelegele. Kibuyu, nilichokuwa nimekiviringisha khanga kwa ajili ya vumbi, kikawekwa katikati ya chumba, juu ya kitambaa. Wazee wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja anamwangalia Kalonda kuanzia viatu kupanda juu. Ikaja chai, ikaja mikate, ukaja wali wa mafuta na nyama ya mbuzi. Kalonda alikula. Nilimkanyaga mguu, akala zaidi.

"Kijana," mzee mmoja akamwuliza, "kazi yako iko nini?"

"Motari, Mzee."

"Moto iko yako?"

"Iko yangu."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nyuma ya pazia mtu akachungulia, msichana wa umri wangu, macho makubwa. Pazia likafungwa haraka.

"Na huyu dada yako ndiye atasema?"

Kalonda, mdomo umejaa: "Ndiyo, dada ndiye anasema yote."

Basi nikasimama. Nikanyoosha kitenge, nikasema kwa heshima zote: "Wazee wangu, tumetoka mbali kutafuta kitu cha thamani kilichoko katika nyumba hii. Huko kwetu iko mutu anayekihitaji sana, na bila hicho maisha yake ina nusu."

"Vizuri," wakasema. "Anasema vizuri."

"Na tunaomba tukipate leo ama kesho, turudi nacho."

Hapo wakaangaliana. Papa Useni akakohoa. "Leo ama kesho ni haraka, binti. Iko mambo ya kuzungumza. Lakini kwanza tufungue asali." Akasukuma kibuyu kuelekea kwangu.

Nikafungua khanga, nikakiegemeza begani, nikapitisha vidole. Nwaaaang.

Wazee wakarudi nyuma. Kisha nyuma ya pazia msichana akacheka mpaka akaanguka, tulisikia kishindo. Kumbe siku hizohizo walikuwa wakingoja watu wa posa kutoka upande wa Kasongo, waje kumwomba binti wa Papa Useni, Mwajuma. Kijana, dada msemaji, kuku, kibuyu walichodhani ni cha asali: vyote vilitimia. Kalonda aliposema ana bibi na watoto wawili, mzee mmoja alimpokonya sahani. Mwajuma akatoa kichwa penye pazia, akasema, "Aksanti Mungu, si huyu."

Papa Useni ni muungwana. Alicheka yeye wa kwanza, ingawa macho yalimrudia kuku. Nikamwambia, "Kuku ibaki kwenu, Papa, ya kufuta haya." Ndipo akatupa habari niliyokuwa sitaki kuisikia: Nyanya Zaina hayupo. Yuko Wamaza, kwa binti yake wa mwisho aliyejifungua, na hajasema atarudi lini.

"Lakini mama yangu na kuimba?" akauliza. "Maisha yangu yote sijamusikia akiimba."

Usiku huo sikulala vizuri. Nikajiuliza, ikiwa mtoto wake mwenyewe hajawahi kumsikia, je, nimekuja kufuata kitu kilichokwisha?

WAMAZA, MVUA YA BIDONI

Wamaza tulifika mchana kwa njia nyembamba ambayo nusu yake nilitembea kwa miguu, Kalonda akisukuma na kunung'unika. Nyanya Zaina alikuwa mlangoni anabangua karanga. Mfupi, mweusi wa kung'aa, miguu haigusi chini kwenye kiti. Alikiona kibuyu kabla hajaniona mimi. Karanga zikamwagika. Aliishika shingo ya ile ala, akaipapasa mpaka chini.

"Salumu amebadilisha tumbo."

"Mchwa, Nyanya."

Akagusa uzi. Akafumba macho kidogo. "Nyuzi imelegea," akasema. "Kama yeye mwenyewe." Akageuka upande, akajifuta uso na khanga, nami nikajifanya naokota karanga.

Wajukuu walikuja wengi kama vifaranga. Mmoja wa kike, mkubwa wao, akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia, kujifunza kuimba kwa Nyanya yenu. Nikamwimbia kidogo ile nusu ninayoijua, taratibu.

"Ah, hiyo!" akasema. "Hiyo si wimbo. Nyanya akiumwa tumbo ndiyo analia hivyo."

Nyanya Zaina alicheka, lakini baadaye tukiwa jikoni akaniambia yalivyokuwa. Alipoolewa aliimba siku ya kwanza, wifi zake wakacheka wakauliza huyu bibi-arusi anaumwa nini. Akaona haya. Tangu hapo aliimba puani, mbele ya moto peke yake, na watoto wakiuliza, alisema ni tumbo. Watoto wote na wajukuu wote wamekua wakimchemshia majani ya tumbo kila akiimba. "Nimekunywa dawa mingi, mutoto wangu," akasema. "Chungu sana."

"Sasa niimbie, Nyanya. Ile nusu ya pili."

"Sasa?" Akanyoosha kidole nje. Jua lilikuwa linapiga mpaka kuku wamejificha. "Raga ya mvua inaimbwa mvua ikinyesha. Bwana Keshav alisema. Hata kuifundisha, ni mvua ikinyesha. Kiangazi hii nitaimba juu ya nini, vumbi?"

"Lakini mvua iko mbali, Nyanya! Babu amezeeka."

"Naye alifundishwa hivyohivyo. Ngoja."

Tukangoja. Njia nzima watu walikuwa wakiniogopa kwa mvua, na sasa mimi niliyeitaka sikuona hata tone. Nyanya alinifundisha mengine: kushikilia sa huku natwanga sombe, bila sauti kutikisika na mchi. Jaribuni. Majirani walikuja kucheka, mmoja akachukua mchi wake, akatwanga naye kwa sa, na kufika jioni uwanja mzima ulikuwa unatwanga kwa sauti moja. Wajukuu wakajua sa re ga ma kwa kunitania. Kila nilipokosea, yule mkubwa aliita, "Chemsheni majani! Dada naye anaumwa!"

Aliyechoka ni Kalonda. "Dada Riziki, bibi yangu atafikiri nimeoa Kabambare." Mimi pia moyo ulikuwa unawaka. Kila asubuhi nilifikiri mkono wa Babu uliobaki hewani.

Siku moja nilikuwa nje, Nyanya ndani anamwogesha mtoto mchanga, mara nikaona Kalonda anapanda juu ya nyumba na bidoni, dumu la maji. Nyumba ile ina bati. Chini wajukuu wamejipanga foleni kuanzia kisimani, kila mmoja na kitu: bidoni, beseni, sufuria, mdogo kabisa na kikombe.

"Unafanya nini?"

"Naleta kiangazi mwisho," akasema, akamimina.

Parararara! Maji yakashuka, yakadondoka kwenye ukingo wa bati mbele ya mlango. Bidoni nyingine. Parararara! Nyanya Zaina akatokea mlangoni, mtoto mgongoni. Akaangalia juu: bluu tupu, jua. Akatoa mkono chini ya yale matone, akayanusa.

"Mvua hii," akasema, "inanuka mawese."

Kalonda alikuwa amelala kifudifudi juu ya bati, akidhani haonekani.

Nyanya akaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Akakaa chini kizingitini, akacheka mpaka machozi, mtoto mgongoni akitikisika naye bila kujua kwa nini. "Bwana Keshav alisema mvua," akasema alipopata pumzi. "Hakusema ya nani. Leta kibuyu. Lakini sikiliza, wewe uliye juu! Maji ikiisha, na mimi naisha."

Basi nilijifunza hivyo. Nyanya aliimba mstari, mimi nikauchukua, na huko nyuma wajukuu wanakimbia kisimani wakipiga kelele, Kalonda anamimina. Nusu ya pili inaanzia pale Babu anapoinua mkono, halafu inapanda, inajikunja, inapanda tena mpaka sa ya juu, na pale juu ndipo niliposhindwa. Maneno ni ya Kihindi, wala Nyanya hayajui yote; Bwana Keshav alimwambia ni mawingu meusi na mtu anayesubiriwa mlangoni. Kila nilipokaribia kufika juu, maji yaliisha. Nyanya alinyamaza palepale, mdomo wazi, mkono umeinuliwa, mpaka yule wa kikombe alipofika akatumwagia sisi. Majirani waliona aibu kuangalia tu, wakaleta ndoo zao. Nilirekodi kwa simu pia, kwa usalama. Nimesikiliza: ni maji, jogoo, na Kalonda akisema "leta, leta, leta". Nyanya hasikiki hata kidogo. Kwa hiyo wimbo umo kooni mwangu tu.

Kabla ya kumaliza somo alinishika kidevu. "Hapa, kabla ya kupanda, ile sauti ya ni imelala. Umesikia? Ile ya saba, inashuka kidogo, inalala. Salumu atakuambia ile ni inasimama, iko juu. Salumu sikio moja lilikuwa na maji tangu utoto. Usimusikilize."

Tulipoondoka alitusindikiza mpaka mwisho wa kijiji akiimba kwa sauti yote, na wala hakuna aliyekwenda kuchuma majani.

LUSANGI TENA

Papa Assani alituona kwa mbali. "Umeipata?"

"Nimeipata, Papa."

"Yote?"

"Yote."

"Mungu wangu."

Mama Feza akasimama katikati ya mlango. Akasema huyu mtoto hapiti hapa mara ya pili bila yeye kusikia, na kama ni matofali basi na yaoze, amelala miaka mingi kwenye nyumba ya nyasi na ataendelea. Papa Assani akainuka. Akaenda kuchukua maturubai, akachukua majani ya migomba, akachukua mpaka mashuka ya kitandani, akafunika matofali yote, safu kwa safu, akaweka na mawe juu. Alipomaliza jua lilikuwa linashuka. Akaja akakaa karibu na mkewe, akakunja mikono.

"Sasa imba."

Niliimba yote, kwa mara ya kwanza, mbele yao wawili. Hakukunyesha. Mama Feza alikaa ameegemeza shavu mkononi. Nilipomaliza Papa Assani aliangalia juu kwanza, kwa muda mrefu, ndipo akasema, "Feza, nikimaliza nyumba, tutamwita aimbe ndani."

Njia yote iliyobaki niliimba, na Kalonda hakunikataza. Kwenye mashimo alianza yeye: "Dada, shika, hii iko nwaaaang kubwa!"

KASONGO

Babu alikuwa kwenye cherehani. Hakuniuliza njia ilikuwaje wala nimekula nini. Alisukuma kitambaa pembeni, akakaa mkekani, akachukua kibuyu, akakaza nyuzi. Hakusema lolote juu ya kiangazi wala juu ya wakati wa raga. Nikajua hana subira ya kungoja mvua.

Nikaimba nusu ya kwanza. Tukafika pale. Mkono wake ukainuka, ukabaki hewani. Nami nikapanda.

Sikumwangalia, niliogopa kusahau. Nilipofika sa ya juu nikasikia mtu wa pili anaimba na mimi, sauti ya mikwaruzo, nyembamba, imechelewa kidogo, kisha haikuchelewa tena. Mkono wake ulikuwa umepita pale pa kukwama, unapanda, unajikunja, unajua njia. Tukafika mwisho pamoja. Machozi yalikuwa yanateremka mpaka kwenye ndevu.

Halafu Babu akafungua macho makali.

"Amekosea!"

"Nani, Babu?"

"Zaina! Kabla ya kupanda. Ile sauti ya ni inasimama! Umelaza! Yeye ndiye amekufundisha ulaze! Tangu zamani alilaza, Bwana Keshav alimwambia kila siku, 'Zaina, amsha hiyo ni!'"

"Lakini Babu, wewe ulikuwa umesahau yote."

"Nilikuwa nimesahau. Sasa umenikumbusha, na nakumbuka kwamba amekosea!" Akaimba ile nusu tena, yote, bila mimi, kwa hasira, bila kukwama mahali popote, na ile ni imesimama wima kama askari. Sijawahi kumwona mzima hivyo. "Lete simu! Nimwambie!"

Tukapiga. Mtandao ukakubali, kwa mara ya kwanza. "Imesimama!" "Imelala!" "Sikio lako!" "Pua yako!" Watoto wa avenue walisikia ugomvi wakaja kujaza baraza, na kila mzee alipoimba kuthibitisha, wakashangilia kama mpira. Wengine walikaa kwenye mkeka. Niliwaacha hapo wakigawanyika, hawa wa Babu, hawa wa Nyanya.

Nikachukua kibuyu, nikaenda nyuma ya jiko langu, ambako hakuna mtu. Nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikaimba ile nusu yote, na ile ni imesimama. Nikapumzika kidogo. Kisha nikaiimba tena tangu mwanzo, na ile ni imelala.